Seti ya kujikinga ya mnyunyizaji dawa: kipi kinakinga, kipi kinatuliza roho tu

Seti za kujikinga zinazouzwa kwa wakulima wanaonyunyiza viuatilifu zinafanana karibu zote: mfuko wa plastiki, ndani yake ovaroli nyepesi, glovu, barakoa, miwani na kijikaratasi cha maelekezo. Picha iliyo juu ya mfuko humwonyesha mtu aliyefunikwa kuanzia utosini hadi nyayoni. Tathmini hii inaipitia seti ya aina hiyo kipande kwa kipande, kwa swali moja tu: sumu humfikia mnyunyizaji kwa njia ipi, na kipande hiki kinaizuia wapi?

Tuseme mapema. Seti hizi zimepangwa kana kwamba adui ni harufu. Barakoa ndiyo inayoonekana kwanza mfuko unapofunguliwa, na glovu zimekunjwa chini kabisa kama nyongeza. Mambo yalivyo shambani ni kinyume. Katika unyunyizaji wa kawaida kwa bomba la mgongoni, sehemu kubwa ya dawa inayoingia mwilini hupita kwenye ngozi, na hatari huwa kubwa zaidi wakati wa kupima na kuchanganya, kabla mtu hajapiga hata hatua moja shambani. Dawa iliyo chupani haijapunguzwa makali na maji. Kama kipimo ni mililita 20 kwa bomba la lita 16, tone moja la dawa ya chupani lina nguvu ya matone 800 ya dawa iliyokwisha kuchanganywa. Tone hilo huangukia mkononi.

Tena ngozi si moja mwili mzima. Ya kiganja ni nene na hukawiza sumu kidogo. Ya paji la uso, ya nyuma ya masikio na hasa ya sehemu za siri hupitisha kemikali kwa wepesi mara kadhaa zaidi. Ndiyo maana mkono wenye dawa unaopangusa jasho usoni, au mtu anayekwenda haja ndogo kabla ya kunawa, anaipeleka sumu pale hasa inapopata mlango mpana.

Glovu

Hapa ndipo fedha ya mnunuzi inapaswa kwenda kwanza, na hapa ndipo seti nyingi zinapoangukia pua. Glovu zinazowekwa mara nyingi ni za lateksi nyembamba kama za zahanati, au za kitambaa kilichopakwa mpira upande wa kiganja tu, kama za fundi ujenzi. Hakuna inayofaa kati ya hizo. Dawa za maji zenye herufi EC kwenye lebo huwa zimeyeyushwa katika viyeyushi vya jamii ya mafuta ya petroli, na viyeyushi hivyo hulainisha lateksi na kupenya nayo sumu. Tundu halionekani, unyevu hausikiki, na mvaaji anaamini yuko salama. Glovu ya kitambaa ina hatari ya aina nyingine: hufyonza dawa na kuishikiza kwenye ngozi kutwa nzima. Mkono mtupu angalau unanawika. Glovu za ngozi zina tatizo hilohilo, na vilevile glovu za mpira zenye bitana la pamba ndani, kwa sababu bitana likishaingia dawa halitakati tena.

Inayofaa ni ya nitrili, aina ya mpira wa viwandani, isiyo na bitana, yenye unene wa angalau milimita 0.35 na urefu wa sentimita 30 au zaidi, ili ipite kifundo cha mkono na kufunika sehemu ya kigasha. Neoprini na butili nazo ni nzuri. Glovu ya kuaminika haifichi sifa zake: mgongoni au kwenye pakiti kuna alama ya EN 374, inayohusu kemikali kwa jumla, au ISO 18889, kiwango kilichotungwa mahsusi kwa glovu za viuatilifu. Kiwango hiki cha pili kina daraja tatu ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua kwa moyo. G1 ni ya dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji, haifai kushika dawa ya chupani. G2 inafaa kwa zote mbili. GR imekingwa upande wa kiganja na ncha za vidole tu. Hiyo ni ya mtu anayerudi shambani kupogoa au kuvuna baada ya dawa kukauka kwenye majani. Mkulima anayechanganya mwenyewe na kunyunyiza mwenyewe anahitaji G2. Seti inayoitwa ya mnyunyizaji huku ndani ina GR imekosewa, hata kama kila kitu kingine humo ni kizuri.

Ukubwa nao haupewi uzito unaostahili. Seti nyingi huja na saizi moja, kubwa, na wanawake na vijana ndio wanaoumia zaidi. Pima mzunguko wa kiganja kwa utepe, bila kuhesabu dole gumba: sentimita 18 ni saizi ya 7, sentimita 20 ni ya 8, sentimita 23 ni ya 9. Madhara ya glovu kubwa si kuteleza tu. Chupa nyingi zina karatasi ya aluminiamu chini ya kifuniko, na kuibandua kwa vidole vinavyojikunja ndani ya glovu iliyozidi hakuwezekani. Mtu huvua glovu moja, akabandua kwa kucha, akaivaa tena. Sekunde zile tano ndizo glovu ilinunuliwa kwa ajili yake.

Kila asubuhi glovu ikaguliwe. Ijaze maji safi, funga mdomo wake kwa mkono, kamua taratibu kuelekea vidoleni. Likionekana hata tone moja, glovu hiyo imekwisha. Haizibwi kwa gundi wala haivaliwi juu ya nyingine. Glovu iliyovimba, iliyobadilika rangi au inayonata nayo imeshakula kemikali, itupwe hata kama haivuji.

Namna ya kuvaa hutegemea zao. Ukinyunyiza mimea iliyo chini ya kiuno, mkono wa ovaroli ukae juu ya glovu ili matone yanayoshuka yasiingie ndani. Ukinyunyiza miti au mimea iliyokuzidi kimo, geuza: glovu iwe juu ya ovaroli, na ukingo wake ukunjwe nje kidogo ufanye mfereji wa kudaka kinachotiririka kutoka juu. Na kabla ya kuvua, osha glovu kwa sabuni zikiwa bado mkononi. Anayevua bila kuosha huigusa dawa kwa mkono wa pili, kisha huipeleka ndani ya glovu siku inayofuata. Glovu yenye sumu ndani, yenye joto na jasho, hupeleka dawa mwilini upesi kuliko kutovaa kabisa.

Barakoa, kipande kinachouza seti

Mara nyingi ni kikombe cheupe chepesi chenye mkanda mmoja, kisicho na maandishi yoyote. Barakoa isiyo na alama ichukuliwe kuwa haichuji chochote. Yenye alama ya FFP2 huzuia angalau asilimia 94 ya chembe zilizopimwa, na N95 asilimia 95. Chembe, si mvuke. Kwa hiyo barakoa hizi zina kazi yake halali: unapomimina dawa ya unga, ile yenye herufi WP kwenye lebo, unga ukarushwa na upepo kuelekea usoni, FFP2 inayobana vizuri ni msaada wa kweli. Kwa mvuke wa viyeyushi ndani ya nyumba ya kuoteshea mimea au stoo isiyo na madirisha, haifanyi kitu. Barakoa ya upasuaji wala isitajwe kabisa; hewa huingia pembeni.

Lebo ikidai kinga ya mvuke, kinachohitajika ni barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio viwili. Rangi zina maana yake. Katika mfumo wa Ulaya, kahawia ni mvuke wa kemikali za kikaboni na nyeupe ni chembe. Kichujio kinachofaa kwa unyunyizaji huandikwa A2P2 au A2P3. Katika mfumo wa Marekani mvuke huo ni mweusi, na chembe za daraja la juu ni zambarau iliyokolea. Usinunue kichujio cha mvuke peke yake kwa ajili ya kunyunyizia: pasipo tabaka la kuchuja chembe mbele yake, matone ya dawa hayazuiwi ipasavyo, na mkaa wa ndani unaonasa mvuke hulowa.

Kuna mambo mawili yanayoharibu barakoa nzuri. La kwanza ni ndevu. Hata za siku mbili huacha mianya pembezoni, na hewa hufuata mwanya kwa kuwa huko hakuna upinzani. Jaribu kila unapovaa: ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi, subiri takriban sekunde 10, barakoa ijikunje kidogo usoni na ibaki hivyo. Kisha ziba tundu la kutolea hewa, pumua nje polepole. Ukisikia hewa ikipita karibu na pua, kaza mikanda. La pili ni misumari ya ukutani. Mkaa ulio ndani ya kichujio haujui kama umevaliwa au umetundikwa. Ukiachwa wazi stoo, tena karibu na dawa, unaendelea kunyonya mvuke usiku kucha hadi unashiba. Kitunze katika mfuko unaofungika au kopo lenye kifuniko, na siku unapokifungua andika tarehe kwa kalamu isiyofutika. Mtengenezaji na lebo wasiposema vingine, hesabu saa 8 za matumizi kwa jumla, kisha badili. Ukisikia harufu au ladha ya dawa ndani ya barakoa, umeshachelewa: toka uende penye hewa safi kwanza. Na usiifanye pua kuwa saa yako, kwa maana zipo dawa zisizonuka.

Hapa inafaa onyo ambalo halimo katika kijikaratasi chochote cha seti ya aina hii. Kichujio cha kahawia hakikingi dhidi ya fosfini, gesi inayotoka kwenye vidonge vya kuhifadhia nafaka pindi vinapokutana na unyevu wa hewa. Gesi hiyo inataka kichujio kilichoandikwa jina lake na mtengenezaji, au chombo cha kubebea hewa mgongoni, na ni kazi ya mtu aliyefunzwa. Asilale mtu chumba kimoja na magunia yaliyowekwa vidonge hivyo, wala chumba cha pili yake. Gesi hupita kwenye nyufa, chini ya milango na kwenye dari.

Ovaroli na joto

Ovaroli nyeupe inayofanana na karatasi ndiyo inayopendeza pichani. Ubora wake hutegemea alama. Kiwango cha ISO 27065 kina daraja C1, C2 na C3: C1 ni ya hatari ndogo, kwa dawa iliyochanganywa, C2 ni ya kati, C3 ndiyo inayostahimili dawa ya chupani. Aproni ya kuchanganyia iwe C3. Isiyo na alama hufaa kuzuia vumbi, basi.

Kasoro yake kubwa ni mishono ya kwapani na msambani. Mtu huinama, hunyanyua bomba, huruka mfereji, na ovaroli iliyobana hupasuka hapohapo kwenye ngozi inayopitisha sumu kuliko zote. Chagua inayozidi mwili kwa saizi moja. Ijaribu dukani kwa kuchuchumaa na kunyoosha mikono juu kwa pamoja, ikikuvuta, itapasuka.

Kasoro ya pili ni joto, na hili tunalitaja kwa uzito. Ovaroli isiyopumua katika jua la saa sita humchemsha mvaaji. Akishaanza kuona kizunguzungu, hufungua zipu hadi kifuani na kukunja mikono, na seti imekwisha kazi. Kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa viuatilifu ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2014 inalisema wazi: dawa ambayo kuishika na kuinyunyiza kunahitaji vifaa vya kujikinga visivyostahimilika, vya gharama au visivyopatikana kwa urahisi inafaa iepukwe, hasa na wakulima wadogo wa maeneo ya joto. Hii ndiyo sentensi ambayo ingepaswa kuchapishwa juu ya kila mfuko. Kama dawa uliyoshika haiwezi kutumika bila vazi usiloweza kulivumilia kwa saa mbili, basi kinachopaswa kubadilishwa ni dawa. Tazama mstari wa rangi chini ya lebo pale unapotumika: nyekundu ni kali kabisa, ya daraja la Ia na Ib la WHO, njano ni II, bluu ni III, kijani ni zile zisizotarajiwa kudhuru zikitumiwa inavyoelekezwa. Kushuka kutoka nyekundu hadi bluu kunakinga kuliko ovaroli yoyote.

Kwa dawa za rangi za chini, shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa kizito cha pamba na poliesta, vilivyo safi na vinavyofuliwa kila siku, ni bora kuliko ovaroli ya plastiki inayovuliwa nusu. Vitu viwili viongezwe. Aproni isiyopitisha maji, kutoka kifuani hadi chini ya magoti, wakati wa kuchanganya na kuosha bomba. Na kipande cha nailoni au aproni ya pili mgongoni, kati ya shati na bomba. Hiki cha mgongoni hakimo katika seti yoyote ya kawaida, ilhali mgongo uliolowa dawa inayovuja kifunikoni ni jambo la kila msimu.

Kuhusu maji ya kunywa: glasi moja, kama mililita 250, kila dakika 15 hadi 20 za kazi ya joto, baada ya kuvua glovu na kunawa mikono na uso. Joto na sumu hufanana mwanzoni, vyote vinaleta kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na jasho. Tofauti ya kuitazama ni hii: aliyezidiwa na joto kwa kawaida huwa na mdomo mkavu, aliyepata sumu ya jamii ya oganofosfati au kabameti, dawa za kuua wadudu, hutoka mate na machozi kwa wingi, mboni zake husinyaa kama ncha ya sindano, na misuli humchezacheza. Kwa vyovyote vile kazi isimame, apelekwe kivulini, avuliwe nguo zenye dawa, aoshwe, na usisubiri kuwa na uhakika ndipo umpeleke kwa daktari.

Miwani na mabuti

Miwani ya seti nyingi ni ile iliyo wazi pembeni. Haitoshi kwa kuchanganya, kwa sababu mruko wa dawa hutoka chini na kando. Tafuta inayobana uso pande zote na yenye matundu ya hewa yaliyofunikwa. Ikijaa ukungu, ioshe kwa sabuni ya maji uiache ikauke bila kufuta. Kikinga uso cha plastiki angavu ni kizuri zaidi kwa kumimina, na hakileti joto.

Mabuti hayamo katika seti nyingi, na huo ni upungufu mkubwa. Anayenyunyiza huku mkono wa bomba ukiwa mbele yake hutembea ndani ya majani aliyoyalowesha mwenyewe, na kwa hiyo miguu, kuanzia magotini kushuka, hupata dawa nyingi kuliko sehemu nyingine za mwili. Gambuti za mpira zisizo na bitana, suruali ikiwa nje ya buti. Suruali ikichomekwa ndani, buti hugeuka kikombe.

Bomba lisipokaguliwa, seti haisaidii

Kabla ya dawa, tia maji safi lita 2 au 3, pampu hadi shinikizo lijae, laza bomba ubavuni, kisha liangalie sehemu nne: kifuniko, mahali mpira unapoingia kwenye tangi, kishikio cha kufungulia dawa, na maungio ya mkono wa bomba. Karibu kila mvujo unatokana na ringi ya mpira iliyokauka au kupotea, kitu kidogo kinachobadilishwa kwa dakika moja. Mvujo wa kwenye kishikio ndio mbaya zaidi kwani humwagikia mkono ule ule saa zote. Usifunge kwa kitambaa au kamba. Kitambaa hukusanya dawa.

Nozeli, yaani tundu la kutolea dawa, ikiziba, toa shinikizo, ifungue ukiwa na glovu, isafishe kwa maji na brashi laini au bua la nyasi. Isipulizwe kwa mdomo kamwe. Waya nao huliharibu tundu, matone yakawa makubwa upande mmoja na mkulima akaongeza dawa akidhani imepungua nguvu. Nyunyiza upepo ukiwa mwepesi, kati ya kilomita 3 na 15 kwa saa, ukivuka upepo na kuanzia upande ambako upepo unaelekea, ili kila mstari mpya uukabili ukiwa mkavu. Utulivu kabisa wa alfajiri si salama kama unavyoonekana: ukungu wa dawa huning'inia hewani na kusogea polepole kwenda kusikotarajiwa, nyumbani pia.

Kijikaratasi

Sehemu dhaifu kuliko zote. Kwa kawaida kinaonyesha picha za kuvaa na kuvua, kisha kinaishia hapo. Kinachokosekana ni kile ambacho familia ingekihitaji mtu akianguka. Kijikaratasi kizuri kingesema: jicho lenye dawa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka polepole kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunuliwa, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na chini ya kucha, anayehudumia avae glovu. Aliyemeza asitapishwe isipokuwa lebo au daktari aelekeze hivyo, kwa kuwa viyeyushi vikirudi juu huweza kuingia mapafuni. Maziwa si dawa ya kuondoa sumu, yasimcheleweshe njiani. Chupa au lebo yake ipelekwe pamoja na mgonjwa, kwani jina la kiini cha dawa ndilo linalomwongoza daktari. Sumu ya oganofosfati, kwa mfano, hutibiwa kwa atropini. Parakwati, dawa ya kuua magugu, haina kiuasumu kabisa, na mafunda machache tu ya dawa nzito yanaweza kuua.

Hicho hicho kingeeleza muda wa kutoingia shambani baada ya kunyunyiza, ambao huandikwa kwenye lebo kwa saa au siku, na tofauti yake na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Watu huzichanganya. Ya kwanza inamlinda anayepalilia kesho. Ya pili inamlinda anayekula. Na kingetaja umri: Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kazi ya kilimo iliyo ya hatari. Glovu ndogo zisinunuliwe kwa ajili ya mtoto anayechota maji ya kuchanganyia. Asiwepo pale.

Maji yenyewe ni kifaa ambacho hakuna seti inayokiuza. Weka lita 10 za maji safi, sabuni na taulo la kutupa karibu na mahali pa kuchanganyia, mbali na dawa, zikisubiri ajali tu. Maji ya bomba la kunyunyizia yasihesabiwe.

Kuosha na kutunza

Chupa ikiisha, ioshwe mara tatu papo hapo kabla mabaki hayajakauka: maji hadi robo, kifuniko kikazwe, itikiswe kwa sekunde 30, maji yamwagwe ndani ya bomba yatumike shambani. Kisha itobolewe chini ili isiwe chombo cha mafuta, maziwa wala maji.

Wakati wa kuvua, anza kwa kuosha glovu, kisha aproni na mabuti vikiwa mwilini. Ovaroli ivuliwe kwa kuigeuza ndani nje. Miwani, halafu barakoa ikishikwa kwa mikanda yake. Glovu zioshwe tena zivuliwe mwisho. Oga kabla ya kukaa, kabla ya kula, kabla ya kumbeba mtoto.

Nguo za dawa zifuliwe siku hiyohiyo, peke yake, na anayefua avae glovu za nitrili, kwa sababu mfuaji asiyejua kilichonyunyizwa hupata sumu bila kufika shambani. Zilowekwe na maji ya kwanza yamwagwe mbali na kisima na mifugo, zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, zisuuzwe mara mbili, zianikwe juani. Iliyomwagikiwa dawa ya chupani haifuliwi, inatupwa. Seti isirudishwe stoo ya dawa, wala isitundikwe jikoni au nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Sanduku lake lenye kifuniko nje ya nyumba linatosha. Na glovu iliyochoka ikatwe vidole kabla ya kutupwa, isije ikaokotwa na mtu akaoshea nayo vyombo.